Degedege ya homa na ubongo wa mtoto: maswali yenu

Swali: Mwanangu wa mwaka na nusu alipata degedege kama dakika mbili homa ilipopanda. Ubongo umeshaharibika?

Hapana mama, pumua kwanza. Degedege ya homa inawapata watoto 2 mpaka 5 kati ya 100, wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5, na nyingi ni hizi fupi. Wakija kufuatiliwa ukubwani akili zao ziko sawa tu na za wenzao. Ila bado mpeleke apimwe homa imetoka wapi, malaria na homa ya uti wa mgongo navyo vinaleta degedege na hivyo ni habari nyingine kabisa.

Swali: Eti sinapsi zinabadilika, ndo nini hiyo?

Sinapsi ni pale neva mbili zinapokutana, moja inamwaga kemikali na nyingine inaidaka kwa vipokezi, glutameti inachochea na GABA inapoza. Sasa mengi tunayoyajua yametoka kwenye vitoto vya panya, mfano maabara ya Tallie Baram kule California, wanavipasha joto mpaka vinapata degedege ndefu halafu wanaangalia hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu. Kilichonishangaza ni kwamba seli hazifi! Zinabaki hai ila zimebadilishwa mipangilio: vipokezi vya CB1, hivi hivi vinavyoshikwa na bangi, vinaongezeka kwenye ncha zinazomwaga GABA, kwa hiyo breki inazimika kirahisi. Halafu chaneli za HCN nazo, yaani vijilango vya kupitisha chaji ya umeme kwenye ukuta wa seli, aina ya HCN1 inashuka HCN2 inapanda, na ubongo unabaki mwepesi kuwaka hata panya akishakuwa mkubwa, na baadhi yao wanapata kifafa kabisa. Lakini jamani hiyo ni degedege NDEFU, msije mkachanganya na ya dakika mbili.

Swali: Mbona mimi mtu mzima nikiwa na homa ya 40 sipati?

Ubongo mchanga vipokezi vya kuchochea vinatangulia kukomaa, vya kupoza vinachelewa. Pia homa inakuja na kemikali za kinga, kuna moja inaitwa interleukini-1 beta, panya walioondolewa kipokezi chake hawapati degedege kirahisi. Na familia nyingine ni ya kurithi tu.

Swali: Nikimpa paracetamol mapema?

Mpe apate nafuu. Kuzuia degedege haizuii.

Swali: Kwa nini madaktari wanasisitiza dakika 5?

Swali zuri hili. Mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, angalia saa. Ikipita dakika 5 inahitaji dawa, mkimbize. Diazepam, dawa ya kukata degedege, inafanya kazi kwa kushika vipokezi vya GABA, na degedege inavyozidi kuendelea seli inavimeza vile vipokezi ndani, yaani dawa inafika inakuta vya kushika vimepungua, ndo maana ile ya nusu saa inakuwa ngumu kuikata kuliko ya dakika 6.