Fainali ya Mbuzi Tumepigwa Tatu, Kocha Tumtoe?

KONA YA ANKO BENCHI
Maswali ya wasomaji, majibu kutoka Kigoma, mwisho wa reli

Jamani wiki hii meseji zimejaa mpaka simu inagoma kufunguka, na karibu zote ni kocha, kocha, kocha. Zile za kuniuliza nani anashinda Jumamosi nimezipita kama sijaziona, mkeka wako uchane mwenyewe. Nimechukua hizi tano.

SWALI: Shikamoo anko. Mimi ni katibu wa timu ya mtaa hapa Gungu, jina nifichie maana nitachekwa. Tumecheza fainali ya kombe la mbuzi tumepigwa tatu bila, mbuzi tumemuona kwa macho anapakiwa kwenye bodaboda anaenda mtaa wa pili na jioni harufu ya supu ikatufuata mpaka huku. Kocha wetu ni fundi pikipiki, anajitolea, hatumlipi kitu. Mpaka hafutaimu ilikuwa moja bila, akamtoa straika wetu ambaye ndo mfungaji wetu, akaingiza kiungo, tukala mbili zingine. Kipa naye alikuwa kama anasinzia, yeye na mabeki wawili walitoka ziwani kwenye dagaa alfajiri wakalala masaa mawili hivi wakaja uwanjani. Sasa grupu la WhatsApp halikaliki, wapo wanaosema kocha arudishe filimbi na zile jezi za mazoezi leo leo, wapo wanaosema aachwe. Kikao ni Ijumaa. Tumtoe au abaki?

JIBU: Marahaba katibu. Umeandika meseji ndefu ukaweka lawama zote kwa kocha, alafu jibu lenyewe umelipitisha katikati haraka haraka kama mtu anayepita na mzigo wa magendo, hapo pa kipa kutoka ziwani. Nikuulize, nani alipanga fainali ichezwe siku za giza? Maana mtoto yeyote wa Kibirizi anajua kwamba mwezi ukiwa haupo ndo dagaa wanafuata taa, watu wanakesha majini, na mwezi ukiwaka wavuvi wako nyumbani wanashona nyavu na wana nguvu za kukimbia hata dakika mia. Mngesogeza wiki mbili tu mngekuwa na kipa aliyelala. Tarehe haipangwi na fundi pikipiki, inapangwa na kamati, na katibu wa kamati sijui ni nani vile.

Kuhusu straika sikatai, ukiwa nyuma goli moja kwenye fainali kumtoa mfungaji ni uamuzi wa kuelezwa. Lakini neno ni hilo, kuelezwa. Mmemuuliza? Maana inawezekana aliona katikati mnapigwa, mpira haufiki mbele, sasa hata ungemuacha straika mle ndani angekuwa anaangalia mechi bure bila kiingilio. Kocha anaongeza mtu katikati, wakati mwingine inalipa, wakati mwingine unapigwa tatu. Muiteni Ijumaa mumsikilize kabla hamjamnyang'anya filimbi, na anayemuita aanze na shukrani maana mtu anafunga garage yake saa kumi jioni kwa ajili ya watoto wenu.

Nakwambia hivi kwa sababu na mimi nina dhambi yangu. Tarehe 25 Julai 2021 nilikuwa uwanja wa Lake Tanganyika hapa Kigoma, fainali ya kombe la shirikisho la hapa nchini, Simba na Yanga, na mji huu sijawahi kuuona umejaa vile, mpaka vyumba vya kulala wageni vilikuwa havipatikani. Mimi ni wa kijani na njano, Yanga, sifichi. Wiki tatu nyuma tulikuwa tumewafunga moja kwenye ligi kwa goli la Zawadi Mauya kwahiyo tulienda uwanjani tunatembea kifua mbele. Kipindi cha kwanza hakijaisha Mukoko Tonombe anakula nyekundu. Tukabaki kumi. Kipindi cha pili Taddeo Lwanga wa Simba akatumaliza, moja bila, kombe likaenda Msimbazi kwao. Basi kutoka uwanjani mpaka Mwanga kwa mguu sisi wanne tulishamfukuza kocha wetu Nasreddine Nabi mara tatu, na kocha mpya tukawa tumeshamtafuta, tunabishana tu mshahara wake.

Sasa angalia. Yule Nabi alikuwa ameingia Aprili, miezi mitatu tu, timu kaikuta, wachezaji hakuwachagua yeye, na ile nyekundu hakuicheza yeye. Uongozi haukutusikiliza (na afadhali). Ila hawakumuacha hivi hivi, walimletea watu: Djigui Diarra golini, Djuma Shabani, Yannick Bangala, Khalid Aucho, Fiston Mayele. Septemba tukatolewa tena klabu bingwa na Rivers United wa Nigeria, moja hapa moja kwao, kelele zikaanza upya, na mimi nilikuwa mstari wa mbele. Alafu nini kikafuata, msimu wa 2021/22 ubingwa bila kufungwa hata mechi moja ya ligi, tukaunganisha mpaka mechi 49 kabla Ihefu hawajatuamsha mbili kwa moja Novemba 2022, na 2023 tukacheza fainali ya kombe la shirikisho Afrika na USM Alger, tukashinda kwao moja bila na bado kombe tukalikosa kwa goli la ugenini kwa sababu Dar tulikuwa tumefungwa mbili kwa moja.

Na yule aliyebeba kombe hapa kwetu, Didier Gomes wa Simba, aliyeshangiliwa mpaka sauti zikakauka? Oktoba hiyo hiyo walienda Botswana wakampiga Jwaneng Galaxy mbili bila, watu wakalala usingizi, marudiano uwanja wa Mkapa, Dar, wakafungwa tatu kwa moja wakatolewa, na Gomes akaondoka wiki hiyo hiyo. Yaani makocha wawili walikaa kwenye mabenchi mawili pale Lake Tanganyika siku moja, aliyelia akaja kuwa mfalme, aliyecheka hakumaliza hata miezi minne.

Kwahiyo katibu, fundi pikipiki abaki, mtafutieni kipa wa akiba ambaye haendi ziwani, na kalenda ya mwezi itundikwe ofisini. Kama mna ofisi.

SWALI: Mambo vipi kaka. Mimi niko Tabora, Kanyenye. Huku tunatamba kwamba nyuki wetu Tabora United ndo walimfukuzisha kocha Gamondi pale Yanga. Jamaa yangu mmoja mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, anakataa, anasema yule alikuwa anaondoka tu hata bila sisi. Tumewekeana kreti ya soda. Nani ananywa?

JIBU: Poa kaka, salimia Kanyenye. Kreti hiyo gaweni nusu kwa nusu. Nyuki walimuuma kweli, tatu kwa moja, Novemba 2024, na wiki iliyofuata akapewa mkono wa kwaheri. Ila kabla yenu siku chache Azam walishampiga moja bila, na kwenye mechi hiyo beki Ibrahim Bacca alikula nyekundu mapema, kwahiyo mlimkuta mtu ambaye nyumba yake ilishaanza kuvuja nyie mkaja na mvua. Na tafadhali msije mkawasimulia wajukuu kwamba mlimpigia kwenye uwanja wenu wa Ali Hassan Mwinyi, ilikuwa Chamazi, Dar kwao, ambayo kwa kweli ni sifa kubwa zaidi.

Mimi Gamondi iliniuma, na hapo niseme wazi kwamba nilikuwa tofauti na wenzangu wengi. Mtu msimu uliotangulia kakupa ubingwa wa ligi, kakufikisha robo fainali klabu bingwa Afrika, Mamelodi Sundowns wakakutoa kwa matuta na lile goli la Aziz Ki lililokataliwa ambalo sitalizungumzia leo maana dawa za presha zimeniishia. Amefungwa mechi mbili akaonekana hajui mpira. Akaja Sead Ramovic, mechi ya kwanza tu akafungwa mbili bila nyumbani na Al Hilal wa Sudan. Februari na yeye akapata kazi Algeria akaondoka, ubingwa wakaja kuumaliza na kocha wa tatu, Miloud Hamdi. Atakayesema umeona, kufukuza kulilipa, haya, nami nitamwambia kikosi kilikuwa kile kile cha Gamondi. Hapo tutabishana mpaka soda zipoe.

Alafu nyie wa Tabora msisahau mlikotoka. Agosti 2023 mechi yenu ya kwanza ligi kuu mlishuka uwanjani wachezaji nane kwa sababu usajili haujakaa sawa, wawili wakaumia, mechi ikavunjika mapema Azam wakiwa wanaongoza nne bila. Siku ile nani alimlaumu kocha? Hakuna, maana kila mtu aliona kwa macho kwamba tatizo ni la mezani. Shida ni kwamba matatizo mengine ya mezani hayaonekani kwa macho hivyo.

SWALI: Anko mimi nasoma sekondari Kasulu, naomba kuuliza kocha akifungwa kwanini hafanyi sabu zote tano? Tunamaliza mechi na sabu mbili mfukoni.

JIBU: Swali zuri mwanangu. Tano zipo ila huwezi kusimamisha mchezo mara tano, unapewa nafasi tatu tu wakati mpira unachezwa, hafutaimu haihesabiwi. Sasa kocha akibadilisha mmoja dakika ya 55, mmoja dakika ya 65, mmoja dakika ya 75, kwishnei, hizo mbili zilizobaki anaondoka nazo nyumbani. Ndo maana wanaojua wanaingiza wawili wawili. Ukiona kocha kabaki na sabu mbili hesabu kwanza alisimamisha mara ngapi, ukikuta mara tatu basi hapo mlaumu, una haki. Mengine kasome, mtihani hauna sabu.

SWALI: Habari za kazi shemeji. Mimi nauza migebuka Kibirizi. Mume wangu timu yake ikifungwa hali chakula. Migebuka nimechagua mwenyewe, nimekaanga, ugali unapoa, yeye anamtukana kocha kwenye TV kana kwamba anamsikia. Juzi alikaa siku mbili hivyo. Nifanye nini?

JIBU: Nzuri shemeji, pole. Sahani yake funika, yako kula. Usimbembeleze wala usimwambie ni mpira tu, hilo neno linaumiza kuliko goli lenyewe. Muulize swali moja la kiufundi, mfano kwani beki wa kushoto alikuwa wapi, alafu nyamaza, atakueleza robo saa nzima na huku mkono unaenda kwenye sahani wenyewe. Mke wangu ananifanyia hivyo miaka yote na mimi nilikuja kugundua juzijuzi tu. Siku mbili lakini ni nyingi, ya tatu mnyime hata chai.

SWALI: Wewe anko unatetea makocha kwasababu hujawahi kupigwa tano. Sisi wanasimba tulipigwa tano kwa moja na hao hao Yanga wako Novemba 2023 na kocha wetu Robertinho akafukuzwa ndani ya siku mbili na ilikuwa sawa kabisa. Kocha ndo analipwa kushinda. Kama hashindi aondoke, hayo mambo ya mwezi na dagaa ni visingizio. Mdau, Ujiji.

JIBU: Mdau, zile tano sitazicheka hapa, nilishazicheka za kutosha mwaka ule. Na nakupa haki yako kwamba tano kutoka kwa mtani hakuna uongozi unaoweza kuvumilia, mji mzima unanuka moshi lazima mtu mmoja atolewe. Ila tumalizie hadithi. Akaja Benchikha, mtu mwenye jina kubwa Afrika. Aprili 2024 mkaja hapa hapa kwetu, Mashujaa wa Kigoma wakawatoa kombe la shirikisho kwa matuta, mwezi haujaisha Benchikha akaondoka, yeye akasema ni sababu za kifamilia, ligi akaimalizia Mgunda na mkashika nafasi ya tatu. Makocha watatu msimu mmoja, nafasi ya tatu.

Msimu uliofuata mkamleta Fadlu Davids. Agosti Yanga wakamfunga moja, Oktoba wakamfunga tena moja, na kelele zenu hapo Ujiji nilizisikia mpaka huku. Hamkumfukuza. Mei 2025 mko fainali ya kombe la shirikisho Afrika na RS Berkane. Mlifungwa ndio, mbili kule, sare ya moja moja huku, lakini fainali mlicheza, na mlifika na mtu aliyepigwa mara mbili na mtani akaachwa afanye kazi.

Sisemi kocha haguswi. Mimi nikiona timu inafungwa goli la aina moja mechi tatu zinafuatana, kona ile ile, mtu yule yule hajakabwa, hapo nasimama na nyie, kwa sababu hilo ni la mazoezini na mazoezini ni kwake. Na nikiona wachezaji wanapishana naye wakitoka bila hata kumuangalia, hapo pia. Tano kwa moja peke yake hainiambii kitu, naomba mechi tatu za kabla yake ndo nihukumu.

NYONGEZA: Wakati nafunga kona hii katibu wa Gungu kanitumia meseji nyingine. Kumbe straika ndo aliyeomba kutoka, viatu vilikuwa vya kuazima, namba ndogo, vidole vimeota malengelenge. Kocha alijua akakaa kimya asimuaibishe mtoto wa watu. Na kikao cha Ijumaa kimeahirishwa, wajumbe wengi wako ziwani.