Jibu: Kioo cha paneli kuukuu kimegoma kubanduka, nipateje fedha iliyomo?

Salaam mkuu. Umesema una paneli za sola zilizochoka, unataka kutoa madini ya fedha, ila kioo hakiachii.

Kabla hujabomoa nyingine, zipime juani kwa multimita. Paneli ya seli 36 ikiwa nzima husoma volti 21 hivi. Ikisoma kama nusu yake, fungua kisanduku cha nyuma uangalie diodi (vipande vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu). Mimi nimeshafufua kadhaa kwa kubadilisha diodi tu, na iliyofufuka ina thamani kuliko chuma chakavu.

Zilizokufa kweli, toa fremu ya alumini na nyaya za shaba, uza hivyo. Funika uso kwa turubai kwanza, maana hata iliyopasuka hutoa umeme ikiona jua.

Fedha ni ile mistari myembamba usoni mwa seli, haifiki hata asilimia 0.1 ya uzito wa paneli, tena imegandishwa na plastiki kwenye kioo. Ndiyo maana kimegoma. Nakusihi usichome! Plastiki ya nyuma mara nyingi ina florini, moshi wake ni sumu, na solda huwa na madini ya risasi. Asidi ya kuyeyushia fedha nayo waachie wenye mitambo. Vioo vitunze vikiwa vizima, pakavu, hadi upate kiwanda kinachovipokea.