Je, J Dilla alikuwa hajui kuweka dramu kwenye mstari? Jibu la mtu aliyezipima

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama J Dilla, yule mtengeneza biti za hip-hop wa Detroit, Marekani, alikuwa hajui kukaa kwenye biti, na kama sifa anazopewa ni kwa sababu tu alikufa kijana. La pili nitaligusa huko chini. La kwanza liliwahi kuninyima usingizi mimi mwenyewe, kwa hiyo nivumilie, jibu ni refu.

Natengeneza biti tangu 2009, chumbani, hapa Tanga. Nilianza na kompyuta ya kuazima, programu ya muziki ya FL Studio na spika mbili za redio. Kila pigo nililipanga katikati ya kiboksi chake, na nilichopiga kwa mkono nilikibonyezea kwantaizi, yaani mashine inavuta kila pigo likae sawasawa kwenye mstari. Biti zilikuwa safi, lakini hazina uhai. Halafu jamaa akanipa flashi yenye Fantastic, Vol. 2, albamu ya mwaka 2000 ya Slum Village, kundi la Dilla mwenyewe. Wimbo wa kwanza niliusimamisha nikidhani faili limeharibika. Kiki (dramu nzito ya chini) inaangukia mahali ambapo mguu wako haujafika, snea (ile dramu kali ya kujibu) inawahi, haihati (visahani vinavyolia chichi) inabembea, besi inawafuata taratibu kwa nyuma. Na bado kichwa kinatikisika chenyewe.

Nikasoma mahali kwamba siri yake ni kuzima kwantaizi. Nikazima kila kitu, nikapiga kwa vidole. Msanii niliyemtumia akaniambia biti inamtoa kwenye mistari yake, na alikuwa sahihi: kila kitu kimelegea, hakuna cha kushika. Nilipoteza miezi mingi hivyo. Mwisho nikakata kipande kifupi cha wimbo wake mmoja, nikakikuza kwenye skrini mpaka mawimbi ya sauti yakaonekana pigo kwa pigo, nikaanza kupima na kuandika kwenye daftari. Snea ilikuwa inawahi, na ilikuwa inawahi kwa kiasi kilekile kila ilipopiga. Haihati ilikuwa na mwendo wake usiobadilika. Kiki peke yake ndiyo ilikuwa inatembeatembea. Yaani kila chombo kilipewa saa yake, na saa mbili kati ya tatu hazikukosea hata kidogo.

Hapo ndipo nikaielewa mashine yake ya kupigia dramu na vipande vya nyimbo, Akai MPC3000, ambayo Roger Linn aliibuni na ikaingia sokoni 1994. Ile mashine inagawa pigo moja la mguu katika hatua 96. Kwa biti inayokwenda mapigo 90 kwa dakika, hatua moja ni kama milisekunde 7. Unaweza kuchukua snea peke yake ukaisogeza hatua chache mbele au nyuma bila kugusa nyingine. Dilla alichanganya: hiki kimenyooka kabisa, kile kinabembea, kingine amekipiga kwa kidole na kukiacha kama kilivyo. Asiyejua mstari ulipo hawezi kucheza nao hivyo.

Kuhusu safari yake. Jina la kuzaliwa ni James Dewitt Yancey, Detroit, 7 Februari 1974, na alikulia mtaa wa Conant Gardens. Mpiga kinanda Amp Fiddler ndiye aliyemfungulia nyumba yake na kumwonyesha MPC, na ndiye aliyemkutanisha na Q-Tip wa kundi la kurapu la A Tribe Called Quest. Mwaka 1995 tayari biti zake zimo kwenye albamu ya pili ya kundi la The Pharcyde. Usikilize "Runnin'", lile gitaa ni la Mbrazili Luiz Bonfá. Kisha akaingia The Ummah, kundi la watengeneza biti, pamoja na Q-Tip na Ali Shaheed Muhammad. Ni neno letu hilihili, umma. Kazi nyingi zikatoka kwa jina la kundi, ndiyo maana watu wengi walizipenda biti zake miaka mingi bila kujua ni za nani.

Na kuna moja inayotugusa kabisa. "Stakes Is High" ya De La Soul, 1996, imejengwa juu ya kipande alichokata kwenye wimbo wa mpiga piano Ahmad Jamal. Wimbo wenyewe unaitwa "Swahililand". Nilipoligundua hilo nilikaa kimya, nikaurudia wa Jamal wote mwanzo hadi mwisho nikisubiri kile kipande kipite. Kinapita haraka sana! Mtu mwingine angesikiliza piano tamu akaendelea na mambo yake; yeye alisikia wimbo mzima wa watu wengine umejificha mle ndani.

Sasa swali lako la pili, kwamba anasifiwa kwa sababu tu alikufa kijana. Questlove wa bendi ya The Roots, mpiga dramu aliyesifika kwa kupiga kama saa, alianza kujifunza upya kupiga baada ya kumsikia Dilla. Albamu ya Voodoo ya mwimbaji D'Angelo, ya mwaka 2000, imejaa mwendo huo ukipigwa na watu kwa mikono. Mwaka huohuo Common ametoa "The Light" na Erykah Badu ametoa "Didn't Cha Know", zote kazi za Dilla. Hayo yote alikuwa hai na mzima. Ugonjwa wa damu na lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe) vilimjia baadaye. Donuts, albamu yenye vipande 31 visivyo na mtu wa kurapu, ilitoka 7 Februari 2006, siku anatimiza miaka 32, naye akafariki siku tatu baadaye huko Los Angeles. MPC yake sasa iko kwenye jumba la makumbusho la taifa la Wamarekani Weusi, Washington.

Kwenye Donuts nenda moja kwa moja "Don't Cry". Kwanza anauacha wimbo wa The Escorts uende ulivyo, anakuzoesha. Halafu anaukata vipandevipande na kuupanga upya mbele ya masikio yako. Kwangu hakuna darasa la kukata sampo, yaani vipande vya nyimbo za wengine, linalozidi hilo.

Wewe anza hivi: chukua biti yako moja uliyoipanga sawasawa. Haihati usiiguse. Snea zote zivute ziwahi kwa milisekunde 10 tu, zote sawa. Kiki ifute, uipige upya kwa kidole ukisikiliza besi, usiangalie skrini. Ikikutoa kwenye mstari punguza zile milisekunde za snea, usirudi kwantaizi. Ukimaliza pandisha hapa tuisikie.