Mwanangu, hiyo nyepesi iache dukani

Mwanangu mpendwa, shikamoo yako nimeipokea, marahaba, na mjukuu wangu mbusu.

Umeniuliza unataka rivolva fupi, ile bastola ya silinda inayozunguka na risasi, ya kukaa nyumbani kwa usalama wako wewe na mtoto, na wikiendi mojamoja uende nayo renji ukalenge shabaha kujifurahisha, sasa yule muuzaji huko Houston anakwambia chukua Smith & Wesson 642 manake ni nyepesi na ati wadada wengi ndo wanaipenda, unataka kujua baba anasemaje. Baba anasema hapana. Sio bastola mbaya, ni nzuri sana tena, ila haijatengenezwa kwa kazi yako na huyo kijana hajakuuliza hata kazi yenyewe ni ipi, kaona mwanamke kaingia akatoa ndogo kuliko zote.

Hizi rivolva za mtutu mfupi zimeanza kama silaha za kuficha. Colt walitoa Detective Special 1927, jina lenyewe linakwambia ni ya nani, askari kanzu wa kuvaa koti. Smith & Wesson wakaja na Chiefs Special 1950, risasi tano, ndogo zaidi ya ile ya Colt, wakaionyesha kwenye mkutano wa wakuu wa polisi kule Colorado Springs na hao wakuu ndo waliochagua jina. Hiyo 642 ni mjukuu wa hiyo ya 1950, wameitengeneza kwa aluminiamu iwe nyepesi na nyundo inayogonga risasi wameificha ndani isinase kwenye mfuko. Ona sasa, kila kitu hapo ni kwa ajili ya mtu anayetembea nayo kutwa nzima mfukoni. Wewe hutembei nayo. Yako itakaa kwenye sefu chumbani, siku ya renji inaingia kwenye begi inatoka. Huo wepesi unaoulipia hela utakusaidia wapi?

Na wepesi una gharama yake. 642 ina gramu 410 hivi, rivolva nyingine, Ruger SP101 ya chuma tupu, ina 740 na kuendelea. Risasi ni ileile, saizi inayoitwa .38 Special, baruti ileile, kwahiyo teke la bastola kurudi nyuma likija, pale ambapo chuma kingelimeza linamezwa na kiganja chako. Mwalimu akikuchapa rula kiganjani, ndo hivo, sasa mara hamsini. Hapa Arlington renji nawaona kila mara, mtu kaja na kabastola kake kapya kazuri, silinda ya kwanza anacheka, ya pili hacheki, ya tatu anatikisa mkono na anarudi kukaa na simu. Kibaya zaidi sio maumivu, ni ile tabia inayobaki. Mkono unajua teke linakuja kwahiyo unaanza kusukuma mtutu chini kabla risasi haijatoka, jicho linafumba, matundu yote yanaenda chini ya karatasi na mtu anasema bastola haijanyooka. Bastola imenyooka, yeye ndo anaiogopa, na mtu anayeogopa bastola yake hafanyi mazoezi, inaishia kwenye droo.

Kwahiyo ningekuwa mimi ningechukua SP101 ya mtutu wa inchi 3. Au Smith & Wesson Model 60 ya inchi 3 ukiipata, hiyo nayo ya chuma, imekaa vizuri mkononi na ni nyepesi kidogo kuliko Ruger. Zote risasi tano. Ukitaka sita kuna Colt Cobra, ile mpya waliyoirudisha 2017, na kuna Kimber K6s, ila Kimber bei yake utashika kichwa. Usibabaike sana na tano au sita. Babaika na kama inakaa mkononi. Shika mpini vizuri, hakikisha silinda ni tupu, elekeza ukutani sehemu salama, uone kidole kinafika kwenye triga bila kuizungusha bastola kiganjani. Vidole vyako virefu kama vya mama yako sidhani kama utapata shida, ila jaribu tu. Triga ya rivolva ukiivuta moja kwa moja ni nzito, kilo 5 hivi, usishtuke, ndivyo zilivyo.

Utauliza kwanini inchi 3 na sio hizo za inchi 2 kasoro. Kwanza pale mbele pa kulengea panasogea mbali na jicho, na hilo kwa mtu anayejifunza ni kubwa. Lakini sababu yangu mimi ni nyingine ambayo dukani hawakwambii. Ukimaliza risasi unafungua silinda na kuna kifimbo pale mbele unakipiga kwa kiganja kisukume maganda yatoke. Kwenye mtutu mfupi sana kile kifimbo nacho ni kifupi, hakina pa kukaa, kwahiyo maganda yanasukumwa hayafiki nje, moja au mawili yananing'inia pale na unaanza kuyachomoa kwa kucha. Ya inchi 3 kifimbo ni kirefu, ukielekeza mtutu juu ukapiga mara moja kwa nguvu yote yanaanguka chini. Kazini mimi nilikuwa nabeba Model 64, ya zamani, chuma, na walinzi wenzangu waliokuwa na fupi nilikuwa nawaona kwenye mtihani wa shabaha wanavyohangaika hapohapo.

Jingine, nyundo. Kwa vile unataka kujifurahisha pia, chukua yenye nyundo ya nje. Ukiivuta nyuma kwa dole gumba triga inakuwa laini kabisa, unalenga shabaha ya mbali taratibu, ni raha, mtoto wa kike utasahau saa. 642 hiyo raha haina manake nyundo iko ndani. Ila mazoezi ya maana yafanye kwa kuvuta triga moja kwa moja, nyundo ikiwa imelala, manake usiku mtu akivunja mlango hutakuwa na muda wala utulivu wa kuvuta nyundo, na nyundo ikishavutwa na mikono inatetemeka ni hatari, inaweza kutoka bila wewe kutaka.

Risasi sasa. SP101 nyingi ni za .357 Magnum, risasi yenye nguvu zaidi, na hiyo inakula .38 Special bila shida, ila sio kinyume chake, bastola ya .38 haiwekwi .357 kamwe. Wewe nunua ya .357 na uilishe .38 tu. Usikubali mtu akwambie Magnum ndo kiboko, ukiipiga ndani ya chumba kwenye mtutu mfupi ule moto na ule mlio utakuacha huoni na husikii wakati mtoto anakulilia. Renji nunua zile za kichwa bapa kabisa zinazoitwa wodikata, uzito wa greini 148, zinapiga taratibu na zinatoboa karatasi kwa tundu la duara safi kama umetumia mashine ya ofisini. Za nyumbani nunua zile za kichwa chenye shimo zilizotengenezwa kwa mitutu mifupi, Speer wana Gold Dot ya greini 135, Hornady wana Critical Defense. Na kumbuka kuta za apatimenti yako ni jasi na mbao, risasi yoyote kati ya hizo inaweza kupita ikaenda kwa jirani. Simama sebuleni mchana ujue kitanda cha mtoto kiko upande gani, cha jirani kiko upande gani, ujue kabisa upande upi hupigi hata iweje.

Ukikuta iliyotumika usiikatae, mimi nazipenda za zamani. Omba ruhusa kwa muuzaji, fungua silinda uone na uguse kila tundu kwa kidole, halafu vuta triga polepole sana huku umeishikilia mwisho, tikisa silinda kwa mkono mwingine. Ikicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka irudishe. Angalia pia chini ya ile nyota ya kusukumia maganda, uchafu wa baruti ukijaa pale silinda haifungi vizuri, hiyo ni ya kusafisha tu kwa mswaki mkavu sio ya kuikataa.

Halafu vidole! Kati ya silinda na mtutu kuna upenyo mdogo na risasi ikitoka moto unaruka pembeni kupitia hapo. Unakata. Watu waliozoea bastola za magazini wanaweka dole gumba mbele mbele, kwenye rivolva usithubutu, vidole vyote vibaki nyuma ya silinda.

Sefu nunua siku hiyohiyo, sio mwezi ujao. Ndogo, ya namba za kubonyeza, ifungwe kwa boliti kwenye sakafu au kwenye kitanda. Mwanao ana miaka minne na anajua kufungua simu yako, usinambie triga ni nzito hawezi kuivuta, mtoto anatumia vidole gumba viwili. Na Texas ni kosa la jinai, mtoto wa chini ya miaka 17 akiifikia silaha yenye risasi uliyoiacha ovyo unashtakiwa wewe mwenyewe.

Karatasi. Dukani utajaza fomu 4473, watapiga kwenye mfumo wa FBI kuangalia rekodi yako, mara nyingi ni dakika chache. Hapa Texas hamna leseni ya kununua wala siku za kusubiri, sio kama nyumbani ambako ungepita kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, na barua. Wewe una grinkadi kwahiyo unaruhusiwa, beba namba yako ile ya A, ya uhamiaji. Jibu kila swali kwa ukweli, kudanganya pale ni kosa la serikali kuu. Wanauliza kuhusu bangi, na haijalishi jimbo gani wameihalalisha, fomu ni ya serikali kuu. Wanauliza pia kama mnunuzi halisi ni wewe. Nasema hivi kwa sababu ya yule rafiki yako mwenye viza ya shule, akikwambia ninunulie na mimi nitakurudishia hela, mwambie baba kakataa. Sisi ambao sio raia kesi ya silaha haiishii kwenye faini, inakutoa nchini. Na ukienda kwa shangazi yako New Jersey bastola ibaki Texas, kule sheria ni nyingine kabisa.

Kabla ya yote hayo lakini, nenda Home Depot, lile duka la vifaa vya ujenzi, ununue skrubu za inchi 3, ni dola chache. Toa zile fupi zilizoshika kile kibati cha komeo kwenye fremu ya mlango, weka ndefu zifike kwenye mbao ya ndani ya ukuta. Milango ya hapa inavunjika kwa teke moja sio kwa sababu ya mlango, ni zile skrubu za nusu inchi. Mlango ukichukua dakika moja zaidi kuvunjika wewe umeshamchukua mtoto, umejifungia chumbani, umepiga 911 na uko nyuma ya kitanda. Unakaa hapo. Hutoki kwenda kumtafuta mwizi jikoni, TV aichukue.

Usimlipe muuzaji kitu wikiendi hii. Njoo Arlington, renji yangu wanakodisha, wana 642 na wana SP101 zote mbili, utapiga wodikata kwenye hii na hii uamue kwa mkono wako mwenyewe. Mama yako atakaa na mtoto. Vaa raba, na blauzi ya kufunga shingoni sio hizo zako za V, wale wa leni ya pembeni wanapiga bastola za magazini na maganda yao ya moto yanaruka yanaingia kifuani.

Baba yako