Tranka Limerudi, Mwenyewe Anaondoka

*Shangazi, shikamoo. Kitindamimba wangu amemaliza kidato cha sita mwezi Mei. Siku ya mahafali wenzangu walipiga vigelegele, mimi nikajificha nyuma ya turubai nikalia. Amerudi na tranka lake, sijakaa sawa, majina ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) yakatoka: kapangiwa Bulombora, Kigoma. Nami nilishamwomba Mungu iwe Oljoro, hapo Arusha tu. Sasa anasema akitoka huko ataomba chuo Dodoma, wakati hapa Moshi Ushirika ipo. Nauza mitumba Kiborloni, lakini siku hizi hata kudamka kuwahi robota sina hamu. Baba yake anasema namdekeza. Nimwambie abaki? – Mama Kitindamimba, Pasua*

Marahaba, mwanangu. Pole, halafu hongera. Nimeanza na pole makusudi, maana hongera ulishazipata pamoja na keki na mashada ya shingoni. Pole hakuna aliyekupa.

Hilo la robota nimelisoma mara tatu. Miaka yote hiyo kila gauni ulilouza lilikuwa na kazi yake: hili ada, hili nauli ya kurudi shule, hili sabuni na madaftari. Leo gauni limebaki gauni tu. Nadhani hilo nalo linakuliza, wala si kudekeza. (Na huyo baba mtazame vizuri siku ya stendi. Wasemao hivyo ndio hufuta jasho usoni Moshi ikiwa na baridi ya Juni.)

Kwa dua ya Oljoro usijisumbue kutubu. Angepangiwa huko ungekuwa getini kila Jumapili na hotipoti ya mtori, afande akufukuze. Sasa fanya hivi: orodha ya JKT inataka bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, ifike magotini. Wenzako watazunguka madukani, wewe unakaa juu ya marobota! Ichambue kwa mkono wako mwenyewe, na raba pia. Mtori usimfungashie, utachacha kabla ya Singida.

La chuo nakukatalia. Matokeo hutoka Julai, yeye bado yuko kambini, na atakayejaza maombi ni yeye. Ukisema "Ushirika ipo" atakusikia, na hapo ndipo ninapoogopa. Mtoto aliyeona mama yake akidamka kwa ajili yake ataandika Ushirika kwa kukuonea huruma, kisha mwaka wa pili aanze kukununia bila kusema kwa nini. Akiitaka mwenyewe, sawa, ni chuo kizuri.

Najua pia kisichoandikwa. Huku Uchagani kitindamimba wa kiume ndiye anayeachiwa nyumba ya wazazi, kwa hiyo moyoni ulishampanga abaki. Lakini nyumba unayo wewe na baba yake, na mko hai. Hao wanaojaza mabasi ya Moshi kila Desemba, unadhani Januari hadi Novemba wanaishi wapi?

Mwambie tu kwamba utamkumbuka. Mwambie mkiwa mnakunja nguo, mikono ikiwa na shughuli. Machozi yakija, yaje.

Na tranka usimpe jirani. Kigoma ataenda na begi. Wewe hifadhia humo nguo zako za gredi ya kwanza, panya wa Pasua nawajua.