Mume anataka ndoa ibatilishwe: nisaini au nisubiri talaka?

SWALI: Tulifunga ndoa ya kiserikali hapa Dar es Salaam miezi 14 iliyopita. Mume wangu ni raia wa Marekani, na kwa ndoa hiyo niliingia huko nikapewa kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa Marekani) ya miaka 2. Tumeshindwana, nami nipo Tabata kwa mama kwa muda. Amenitumia karatasi za mahakama ya huko nisaini ili ndoa ibatilishwe, akisema ni rahisi kuliko talaka. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, usisaini kabla wakili wa jimbo analoishi mumeo hajakusomea sababu iliyoandikwa humo, kwa kuwa kwa upande wa uhamiaji sababu hiyo ina uzito kuliko jina la amri itakayotolewa.

Kadi yako ni ya masharti. Kwa kawaida wanandoa huomba kwa pamoja kuondolewa masharti hayo, kwa fomu I-751, ndani ya siku 90 kabla kadi haijaisha muda. Ndoa ikiisha mapema, iwe kwa talaka au kwa kubatilishwa, unaruhusiwa kuomba peke yako, mradi uthibitishe kuwa uliolewa kwa nia njema. Hapo ndipo penye mtego: karatasi zikidai kwamba ulimlaghai mumeo ili upate makazi, nawe ukasaini, utakuwa umewapa maofisa ushahidi dhidi yako mwenyewe, na wakiamua kuwa ndoa ilikuwa ya kughushi, hata mume mwingine atakayekuja baadaye hataweza kukuombea. Talaka ya kutoelewana haina doa hilo. Kwa hiyo anza sasa kukusanya mkataba wa nyumba mliyopanga, taarifa za akaunti ya pamoja na picha za harusi.

Ukitaka kufungua shauri hapa nyumbani, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haibatilishi ndoa kwa sababu tu wawili wamekubaliana. Inataka sababu mahususi, kama ridhaa iliyopatikana kwa shuruti au ulaghai, au mmoja kukataa kwa makusudi tendo la ndoa, na katika maelezo yako sioni hata moja. Talaka nayo haiombwi kabla ya miaka 2 ya ndoa bila ruhusa ya mahakama, na kwanza shauri hupita Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, isipokuwa, kwa mfano, mwenzako anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kuingia ndani ya miezi 6. Mumeo huenda anaangukia hapo. Hata hivyo mahakama itauliza pia kama makazi yako ya kisheria bado ni Tanzania, na kwa mwenye kadi ya kijani, ambayo ni ya anayeishi Marekani, jibu la swali hilo linahitaji uangalifu.

(Kama alisaini kiapo cha kukutunza, yaani fomu I-864, talaka haimwondolei wajibu huo. Wengine hawapendi kukumbushwa.)

Angalia pia tarehe yako ya kurudi. Ukikaa nje zaidi ya miezi 6 utaulizwa maswali mpakani, na ukifikisha mwaka, kadi peke yake haitatosha kukuingiza.