Mkaguzi wa ndani hukagua au husimamia?

SWALI: Nafanya kazi katika kiwanda kimoja hapa Industrial Area, Nairobi. Niliandika tangazo la wafanyakazi: "Mkaguzi wa ndani atasimamia idara zote na ataripoti kwa bodi." Meneja amelirudisha, ati "atasimamia" imeharibu maana. Kwani kukagua si kusimamia?

JIBU: Meneja wako ana haki. "Simamia" imezaliwa na "simama": msimamizi amesimama penye kazi, anaamuru, na kazi ikiharibika anaulizwa yeye. Mkaguzi huangalia yaliyofanywa na wengine. Sikukuu ya Madaraka, Rais hukagua gwaride: hupita mbele ya askari akiwatazama, basi. Amri ya "mguu sawa" hutolewa na kamanda wa gwaride. Sasa mkaguzi akiidhinisha malipo asubuhi na kushika funguo za stoo mchana, jioni atakagua nini ila kazi ya mikono yake? Tangazo lako limemtwika jambo ambalo taaluma yake inamkataza. Andika "atakagua".

"Simamia" ina mahali pake, ila umeiweka upande usio wake. Anayesimamiwa ni mkaguzi. Kamati ya ukaguzi ya bodi ndiyo hupitisha mpango wake wa mwaka, hupokea matokeo yake, na huwa na kauli akiajiriwa au akiachishwa kazi. Likizo na mshahara wake hupitia kwa mkurugenzi mkuu, na hapo ndipo wengi hudhani ni mtu wa mkurugenzi.

"Ataripoti kwa bodi" nayo inanikwaruza. Kuripoti ni kutoa habari. Hata mpita njia huripoti ajali polisi. Ukitaka kusema yuko chini ya nani, andika "atawajibika kwa kamati ya ukaguzi ya bodi".

Na "wa ndani" maana yake ameajiriwa na kampuni, tofauti na mkaguzi wa nje, ambaye maoni yake huandikiwa wenyehisa. Usimwongezee "wa hesabu" kwa mazoea tu: hukagua pia manunuzi, kompyuta, hata taratibu za usalama.

Nimeona pia mahali "mkaguaji". Fuata "nunua": nunuliwa, mnunuzi; vivyo hivyo "kagua": kaguliwa, mkaguzi. Ile "l" iliyojificha hujitokeza, kisha hugeuka "z". "Odita", la Kiingereza "auditor", waachie watu wa korido. Hao hulitamka wakificha mafaili, na siwalaumu.